Miaka Mitatu ya Kumtia Baridi Tetemeko

Nimestaafu Jumamosi iliyopita, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Najua wapo watakaocheka. Wanasema mtu hustaafu akiwa na mvi na maumivu ya mgongo. Sawa, lakini kazi yangu imekwisha, haipo tena, na mtu ambaye kazi yake imekwisha sijui mnataka aitweje. Wenzangu niliomaliza nao darasa la kumi wako maofisini wanagonga mihuri. Mimi nilikuwa namtia baridi mwimbaji. Kazi hii haijaandikwa kwenye kitabu chochote, kwa hiyo nawaandikia ninyi mlio kwenye bendi bado, na yule aliyechukua nafasi yangu, nikiwa bado nakumbuka vizuri.

Kuanzia Tukuyu mpaka Iringa watu wote wanamjua Tetemeko, yule kijana wa roki anayetetemesha miguu. Wanaomjua Ambakisye ni wachache. Mimi namjua Ambakisye. Shuleni tulikaa dawati moja miaka minne, yeye Mnyakyusa, mimi Mhehe, tukifundishana matusi ya kwao na ya kwetu. Alikuwa mtu mpole sana. Akiulizwa swali na mwalimu, alisimama wima kama nguzo ya simu na kutazama dirisha mpaka mwalimu achoke.

Tulipomaliza shule tulikwenda Mbeya kutafuta ukarani. Hatukuupata haraka, na mimi kusubiri siwezi. Karibu na tulipopanga palikuwa na duka la Fundi Abdala, mshonaji nguo, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye kila siku alilalamika juu ya baridi ya Mbeya kana kwamba amefika jana. Fundi Abdala alikuwa na gramafoni na santuri tatu za roki. Ambakisye alishinda pale mlangoni akisikiliza. Maneno hakuyaelewa, alisoma Kiingereza cha kuandikia barua za serikali, lakini sauti zote alizishika.

Sasa ile gramafoni springi yake ilikuwa imechoka. Wimbo ulianza vizuri, ukifika karibu na mwisho unapungua kasi, sauti inazama, inakuwa kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Ambakisye alidhani wimbo ndivyo ulivyo. Akajifunza hivyo hivyo. Mpaka leo nyimbo zake zote zinaishia kwenye ule mlio wa ng'ombe, na watu wameupenda, na nimesikia vijana wa Mbeya wanautia kwenye nyimbo za kanisani.

Bendi ikaanza, watu watatu. Ambakisye na gitaa. Fundi Abdala na besi la sanduku la chai, yaani sanduku tupu la mbao limegeuzwa, juu yake fimbo na kamba moja. Na mimi. Kazi yangu siku za kwanza ilikuwa kubeba sanduku na kuwapanga watu ukumbini. Hapo niliweka kanuni moja ambayo naomba muishike: wazee wakae benchi la mbele. Vijana hawarushi maganda ya ndizi jukwaani kama mbele yao amekaa mtu wa umri wa mama yao. Kanuni hii ilitusaidia sana. Baadaye ilikaribia kutuua, lakini nitafika huko.

Onyesho letu la kwanza, Mbeya, lilikuwa baya. Sauti nzuri, gitaa zuri, lakini Ambakisye alisimama vilevile kama mbele ya mwalimu wa hesabu. Bwana mmoja wa benchi la mbele alininong'oneza, "Kijana, mwenzio anaumwa?" Nikasema haumwi. Akasema, "Basi mwambie apumue."

Mwezi uliofuata tukaitwa Mufindi, kwenye sikukuu ya wachuma chai. Mnaoijua Mufindi mnajua ukungu wake. Saa nane mchana ulikuwa huoni mkono wako. Tulipanga vyombo kwenye banda lisilo na kuta. Fundi Abdala alikuwa amemshonea Ambakisye suruali mpya ya jukwaani, nyeupe, inayong'aa. Ilikuwa pazia hapo zamani. Upepo ulipita ndani yake kama hakuna kitu.

Wimbo wa kwanza ulipofika katikati, goti la kulia likaanza. Halafu la kushoto. Halafu yote mawili, kwa nguvu, ile suruali ikacheza kama bendera. Wachuma chai walisimama kutazama. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Angalia hii mtu, amepanda tetemeko." Basi, banda zima likalipuka. Waliimba, walipiga vikapu, walimbeba begani mpaka barabarani. Jina likabaki hapo hapo.

Kwenye lori kurudi nilimuuliza, "Ile ya miguu umeitoa wapi?"

"Ipi?"

"Ya kutetemeka."

"Gaudensi, nilikuwa nasikia baridi."

"Baridi tu?"

"Nilikuwa nakufa. Nilikuangalia wewe uniletee koti, wewe ukawa unapiga makofi."

Onyesho la Mbeya lililofuata lilikuwa kwenye ukumbi uliojaa, joto, na watu walikuja kuona miguu. Miguu haikutikisika. Nilimwambia ajitikise mwenyewe, akajaribu, akawa kama mtu anayetembea juu ya karanga. Watu wakaondoka kabla ya mlio wa ng'ombe.

Mimi nimesoma sayansi mpaka darasa la kumi, na jambo la namna hii siliachi. Nilichukua daftari nikaandika Jaribio la Kwanza, Jaribio la Pili, kama tulivyofundishwa. Ambakisye ameshiba ugali wa moto: hatetemeki. Ambakisye ana njaa: analalamika, hatetemeki. Ambakisye miguu ndani ya beseni la maji ya mtoni kwa robo saa: anatetemeka nyimbo mbili. Beseni pamoja na suruali iliyoloweshwa kwa ndani: nyimbo nne, na anaona ukungu machoni. Hapo ndipo kazi yangu ilipozaliwa. Mtu wa kwanza kunielekeza alikuwa Fundi Abdala, ambaye kwa kuichukia baridi alikuwa ameichunguza maisha yake yote.

"Usianzie juu, mwanangu," aliniambia. "Ukimpoza mtu kifua unaua sauti. Anzia nyayo. Ukifika magotini, simama hapo hapo."

"Na mikono je?"

"Mikono ya moto. Anapiga gitaa kwa nini, kwa kiwiko?"

Ndiyo maana vifaa vyangu vilikuwa beseni moja la bati, ndoo moja, magunia mawili, na soksi za sufu za kuvaa mikononi. Msanii anakaa nyuma ya pazia, nyayo ndani ya beseni, mikono ndani ya soksi, halafu anatolewa mbio, amekwisha iva. Mkisafiri kwa lori la mbao kutoka Mufindi, msimwache akae kwa dereva. Apande juu ya mbao, achapwe na upepo. Anafika tayari, mnaokoa maji.

Kila kazi ina kesi zake ngumu. Tukuyu, kwao, tulikuwa wimbo wa pili na miguu inakwenda vizuri sana, mama yake mzazi akapanda jukwaani na sweta. Mama mfupi, mnene, haraka yake kama yangu. "Gwe mwana," akamwambia mbele ya watu, "umepauka kama majivu. Inua mikono." Na Ambakisye akainua mikono, maana ni mama yake. Akavalishwa sweta huku anaimba, kichwa kimepotea ndani, sauti inatoka kwenye mkono wa sweta. Miguu ikatulia palepale. Nilimfuata mama nikamweleza kwa heshima zote kwamba ile ni kazi. Akanishika sikio. Mwisho wa habari.

Kesi nyingine ilikuwa chafya. Baridi ikizidi, kwenye ubeti wa tatu alipiga chafya, kila mara pale pale. Sikuweza kuitibu. Baada ya miezi michache watu walianza kupiga chafya pamoja naye, ukumbi mzima, wanaisubiri. Nikaiacha.

Kwa hiyo mnaweza kuona kilichokuwa kinakuja, isipokuwa mimi sikukiona. Mwaka wa pili akaugua kichomi. Tulimpeleka hospitali ya misheni, nje kidogo ya Iringa, anatetemeka bila hata gitaa. Msichana aliyekuwa anajifunza uuguzi akamfunika mablanketi matatu, akamwekea chupa ya maji ya moto miguuni, halafu akanigeukia.

"Huyu mtu amelala mtoni?"

"Hapana, dada. Ni kazi."

"Kazi gani inalowesha mtu magoti?"

Huyo ndiye Selestina. Siku kumi zote alimpasha moto, na siku ya kumi Ambakisye, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuniambia neno juu ya msichana, aliniambia, "Gaudensi, nataka kumwoa yule wa chupa ya moto." Nilifurahi kama rafiki. Kama mfanyakazi niliona hatari, maana miguu yake niliipoza mimi na moyo wake aliupasha yeye.

Posa ikaniangukia mimi, sababu ni Mhehe na najua njia za kwetu. Nikawa mshenga. Baba yake Selestina alikwisha fariki, aliyebaki ni mama, anaishi karibu na Kalenga, mama mrefu, mkulima, mtu wa kanisa, anayesema kidogo na ukamsikia wiki nzima. Sasa kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso. Wakikutana njiani mmoja anatoka pembeni. Hata mahari ikizungumzwa, kijana hasogei. Kwa hiyo tulipokwenda, mimi niliingia uani nikakaa kwenye kigoda, na Ambakisye alisimama nje ya ua, mbali, amevaa koti la heshima, ametupa mgongo. Alisimama hivyo muda wa chakula kupikwa na kuliwa. Kusimama kama nguzo ndicho kitu alichokuwa anakiweza kabla hajawa maarufu.

Mama Selestina alimtazama mgongo kwa makini, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Bega la kushoto limeshuka," akasema.

Limeshuka kwa sababu ya mkanda wa gitaa. Nikasema, "Ni vitabu, Mama. Ni karani. Karani wa ghala la mbao."

Hapo ndipo nilipokosea, naandika wazi. Lakini siku ile ile, kabla sijala hata tonge la pili, mama alikuwa amekwisha niambia habari ya kijana mmoja anayezunguka mijini akitikisa miguu kama mbuzi aliyekanyaga siafu, na kwamba mwanamke atakayezaa mtoto na mtu wa namna ile atalea peke yake. Ningesema nini? Niliona niseme uongo mdogo sasa, ukweli nitausema baadaye taratibu. Mimi na taratibu hatujawahi kukutana.

"Ni mgongo wa adabu," Mama Selestina akasema mwisho. "Hajageuka hata mara moja. Nitafikiri mpaka baada ya mavuno. Lakini nikikuta kuna neno ambalo hukuniambia, Gaudensi, mwambie huyo karani asirudi."

Miezi ikapita. Ambakisye kila siku ananiuliza, "Umemwambia?" Nami kila siku nasema, "Kesho." Alianza kukonda. Kwenye nyimbo alikuwa anasahau maneno, jambo ambalo hakuna aliyeligundua maana hata alipoyakumbuka hayakuwa maneno. Aliniapia kwamba akimkosa Selestina ataacha kuimba, atakwenda kweli kutafuta ghala la mbao.

Mavuno yakaisha. Ikafika ile Jumamosi ya Iringa, onyesho kubwa kuliko yote, saa tisa mchana, kwenye ukumbi wa bati. Ulikuwa mwezi wa kumi, jua kali, mvua bado, na bati lile lingeweza kukaanga yai. Maji ya ndoo yasingetosha. Nilikuwa nimeagiza kwa mpishi wa hoteli ya Mgiriki mmoja, ambayo ina jokofu la mafuta ya taa, jiwe zima la barafu. Nikalifunga kwenye unga wa mbao, nikazungushia magunia, nikalifunga nyuma ya baiskeli. Toka hotelini mpaka ukumbini ni mwendo wa dakika kumi, nami ni mpanda baiskeli mwenye haraka.

Kwenye kona ya soko nikasikia, "Gaudensi."

Alikuwa Mama Selestina. Kanga mpya, viatu vya kanisani mkononi ili visiingie vumbi.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene. Nimepanda gari toka asubuhi. Wanasema yule shetani wa miguu yuko hapa leo. Nataka nimwone kwa macho yangu, nikimsema kanisani niseme nilichokiona. Wewe ni msomi, unajua mlango uko wapi. Nipeleke."

Jamani, mshenga anamkataliaje mama wa binti? Nikikataa ataniuliza kwa nini. Nikasema twende, nikijiambia nitamkalisha nyuma kabisa, nyuma ya nguzo, ataona visigino viwili na atarudi Kalenga. Tukaanza kutembea, mimi nasukuma baiskeli.

Sasa mgeni hawezi kujua, lakini salamu za Kihehe si neno moja. Unasalimia, unaitikiwa, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, halafu yeye naye anarudia kukuuliza yote hayo. Na Mama Selestina alikuwa hajafika mjini tangu Pasaka. Mwuza vitunguu, kamwene. Mke wa katekista, kamwene. Mzee mmoja kiziwi, ambaye ng'ombe wake ilibidi waulizwe mara mbili. Nilisimama pembeni ya kila mmoja nikiona tone linaanguka kutoka kwenye gunia. Halafu matone. Halafu mchirizi.

"Mama, tutachelewa."

"Kuchelewa kumwona shetani si dhambi," akasema, akamgeukia mwuza mkaa. Kamwene.

Tulipofika kwenye mti wa mkaratusi akatazama chini, akatazama nyuma, njia nzima ya mstari wa maji toka sokoni.

"Gaudensi, hii mzigo yako inakojoa."

"Ni samaki, Mama," nikasema. Uongo wa pili.

Tulipofika ukumbini nilikuwa na magunia mawili yaliyolowa na uji wa unga wa mbao. Nilimwonyesha mama ile nafasi nyuma ya nguzo, nikakimbia nyuma ya pazia. Ambakisye alikuwa amekaa na suruali yake ya pazia, soksi mikononi, jasho linamtoka, nyayo ndani ya beseni tupu.

"Barafu iko wapi?"

"Imesalimiana na watu," nikamwambia.

Sikumwambia kuhusu mama. Niliona matatizo mawili kwa mara moja yangemwua. Nilimpaka ule uji wa unga wa mbao magotini, na Fundi Abdala akatikisa kichwa, akasema, "Huyu sasa yuko tayari kukaangwa," na wakatoka.

Wimbo wa kwanza, miguu imelala. Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Kuna mtu akaita, "Tetemeko, leo umeacha miguu nyumbani?" Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Nikachungulia nguzo ya nyuma kumtazama mama. Hakuwepo. Alikuwa anapita katikati ya watu kuja mbele, na kila kijana alimpisha, na wote niliwafundisha mimi kwa miaka mitatu: wazee mbele, wazee mbele. Nilimkimbilia nikamshika kanga.

"Mama, kule nyuma kuna upepo."

"Mimi sikupanda gari toka Kalenga kuja kutazama migongo ya watu," akasema. Akakaa benchi la mbele, katikati kabisa, akapanga viatu vyake chini.

Na Ambakisye akainua macho.

Yeye alikuwa anamjua, alikwisha mwona kwa mbali akitoka kanisani. Nilimwona anapoteza rangi. Mkono ukaganda kwenye gitaa. Halafu akafanya kile ambacho kijana yeyote aliyelelewa vizuri angefanya mbele ya mama mkwe: akageuka. Akawapa watu mia kadhaa mgongo, akatazama ukuta. Alifanya kwa adabu tu, maskini. Na katika dunia nzima, sehemu pekee ya mwili wake ambayo Mama Selestina aliijua ni ule mgongo.

Bega la kushoto limeshuka.

Mama akasimama. "Ule mgongo naujua," akasema, si kwa nguvu, lakini ukumbi wote ulimsikia.

Hapo ndipo miguu ilipoanza. Nimeitunza miguu ile miaka mitatu, nimeiona Mufindi kwenye ukungu na juu ya mbao alfajiri, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Magoti, mapaja, mpaka lile bega. Jukwaa la mbao likaanza kugonga lenyewe. Fundi Abdala, ambaye hajui posa wala nini, akaona mambo yamenoga, akalipiga sanduku. Na Ambakisye, kwa kuwa hakujua la kufanya, akaimba, uso ukutani.

Mama Selestina naye ni mtu wa mila. Akavuta kanga kichwani, akageuka, akampa mgongo. Wale wa benchi la mbele wakamtazama, wakadhani ndiyo mtindo wenyewe, wakageuka. Benchi la pili likageuka. Basi ukumbi mzima wa Iringa ukacheza roki umempa mwimbaji mgongo, na mwimbaji amewapa mgongo, na walipofika ubeti wa tatu wakapiga chafya wote kwa mazoea, ingawa yeye hakupiga. Nyimbo sita. Sikuwa nimemtia hata tone.

Baada ya watu kutoka, mama aliniita nyuma ya ukumbi. Yeye akasimama upande mmoja wa mlango ulio wazi, Ambakisye upande wa pili, ukuta katikati yao, mimi mlangoni. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Lakini mila ni mila, ilibidi yote yapite kwangu.

"Mwambie," akasema mama, "ghala la mbao liko wapi."

"Anauliza ghala liko wapi."

"Mwambie halipo."

"Mama, halipo."

"Mwambie nani alisema lipo."

Hilo sikulipeleka. Nikasema, "Ni mimi, Mama."

Hakunitazama. "Muulize, ile miguu. Anafanya hivyo kila siku mbele ya watu, kwa raha zake?"

Nilimwona Ambakisye kwa jicho moja amesimama wima, ile nguzo ya simu, anatafuta dirisha la kutazama na dirisha hakuna. Mgongo wangu ulikuwa umelowa kuliko magunia. Neno moja tu la uongo tena na Selestina angekuwa amekwenda.

"Mwambie," akasema, "kwa siku zote ni baridi. Sio raha. Gaudensi ananitia barafu. Lakini leo barafu haikufika. Leo nimetetemeka kwa ajili yake yeye."

Nikafungua mdomo nipeleke ujumbe. Mama akainua mkono, amekwisha sikia.

"Barafu," akaniambia. "Ndiyo wale samaki."

"Ndiyo, Mama."

"Na kile kichomi mwanangu alichotibu."

"Ndiyo, Mama."

Akavaa viatu vyake, cha kwanza, cha pili, akafunga kamba bila haraka yoyote. Nilitaka kumfungia mimi.

"Mwambie hivi. Marehemu mume wangu aliniogopa mwezi mmoja tu, baada ya posa. Huyu amesimama mbele ya mji mzima, kazi yake inaharibika, akaona ni heri ampe mama mkwe heshima yake. Kijana anayetetemeka hivi kwa kuniona mimi, hatamwinulia mwanangu mkono. Aje na wazee wake." Kisha akanigeukia. "Lakini barafu basi. Sitaki binti yangu alale na samaki. Akitaka kutetemeka, nitakuja mimi nikae pale mbele."

Fundi Abdala, aliyekuwa anafunga sanduku lake, akanipiga begani. "Mwanangu, umeachishwa kazi na mtu asiyehitaji hata beseni."

Kwa hiyo harusi ni baada ya mvua za kwanza, na mimi nimestaafu. Beseni nimempa mama yake Ambakisye wa Tukuyu, anafulia masweta. Ndoo nimeipeleka Kalenga kwa mikono yangu, iwe kiti cha huyo aliyechukua nafasi yangu, aigeuze juu chini aikalie kule mbele, sababu mabenchi ya kumbi nyingine ni mabovu. Selestina ameahidi kumsomea daftari hili lote, na sehemu za samaki nimeomba azipite haraka.

Mama, kazi ni yako sasa, nami sina mengi ya kukufundisha. Fika mapema, salimia watu baada ya onyesho, si kabla. Kaa katikati. Na akianza kuimba, hata akiimba vizuri namna gani, hata mkiwa na wajukuu, usije ukageuka kumtazama usoni. Siku mkizoeana, miguu imekwisha, na mimi siwezi tena kurudi kubeba barafu.